Kuzunguka Mombasa bila gari: matatu, tuktuk, kivuko na miguu

Mombasa mjini ni kisiwa, na karibu kila gari linaloingia au kutoka hupita mlango mmojawapo kati ya mitatu. Magharibi ni Makupa, njia ya Changamwe, uwanja wa ndege na stesheni ya SGR, reli ya kisasa ya Nairobi. Kaskazini ni daraja la Nyali, njia ya Bamburi, Shanzu na Mtwapa hadi Malindi. Kusini ni kivuko cha Likoni, njia ya Tiwi, Ukunda na Diani. Foleni kubwa za mji huu huzaliwa kwenye milango hiyo, na mwenye gari lake hakwepi hata moja. Tena pale Likoni asiye na gari ndiye mwenye nafuu: anavuka bure, hapangi foleni ya magari, na mara nyingi anafika ng'ambo akapata na dafu kabla aliyekuja na gari hajawasha injini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza upande nini, jua unapita mlango gani na saa ngapi. Asubuhi, tangu saa kumi na mbili hadi saa tatu, watu wanamiminika kuingia kisiwani kazini na shuleni. Jioni, tangu saa kumi hadi saa mbili usiku, wanatoka. Aliyelala kisiwani anakwenda kinyume na umati, asubuhi na jioni, na hiyo ni sababu nzuri ya kutafuta chumba mjini kama hukuja kwa ajili ya ufuo pekee. Aliyelala Nyali au Diani asubiri saa tatu ipite ndipo aje kwenye ngome ya Fort Jesus, na arudi kabla ya saa kumi, au akae mjini ale chakula cha jioni kwa utulivu.

Kufika mjini

Stesheni ya SGR iko Miritini, bara, mbali na kisiwa. Treni ya haraka inayoondoka Nairobi saa tisa alasiri hufika baada ya saa mbili usiku. Ile ya saa nne usiku hufika kabla hakujapambazuka. Nje ya lango matatu huwa zimejipanga na makanga, yaani makondakta, wanaita: Town, Ferry, Bamburi, Mtwapa. Magari hayo hujaa upesi mara tu treni inapoteremsha watu, kisha yanapungua, na aliyebaki nyuma huangukia kwenye teksi ambayo dereva wake anajua hana pa kwenda. Ukishuka kwenye behewa, nenda moja kwa moja nje. Mambo ya choo na simu yamalize ukiwa bado ndani ya treni. Nauli ya matatu hadi mjini huzunguka shilingi 100 hadi 150. Matatu ya abiria 14 haina pa kuweka begi kubwa, na begi likikalia kiti litalipiwa kiti. Kubaliana na makanga kabla ya kulipakia, si likiwa tayari limebanwa nyuma.

Treni ya alfajiri ina tatizo lake: matatu ni chache na giza bado lipo. Hapo agiza teksi kwa programu ya simu ikufikishe mlangoni mwa hoteli, au mgawane na abiria wengine wanaokwenda upande mmoja na wewe.

Anayekwenda Diani moja kwa moja kutoka stesheni aulize gari la Ukunda, na aulize linapita wapi. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi Kibundani upande wa kusini, inakwepa kisiwa na kivuko vyote viwili. Kwa kundi la watu wanne au watano wenye mizigo, kukodi gari kwa njia hiyo kunafaa kuliko kuburuta mabegi kwenye kivuko usiku.

Uwanja wa ndege wa Moi nao uko bara. Matatu hazifiki kwenye jengo la abiria. Chukua tuktuk au boda hadi barabara ya Magongo, halafu panda gari la Town au Ferry. Ukiwa na zaidi ya begi moja la mgongoni, usijisumbue, kodi tuktuk mpaka unapokwenda. Mabasi ya mbali, yale ya Nairobi, Tanga na Dar es Salaam, mengi ofisi zake ziko Mwembe Tayari, na hapo umeshaingia kisiwani.

Matatu inavyopandwa

Matatu ina mstari wa manjano ubavuni, na njia imeandikwa humo. Lakini watu wa Mombasa hufuata sauti ya makanga zaidi kuliko maandishi, na hawasemi kwa nambari kama Nairobi. Makanga huita mwisho wa safari na vituo vikubwa vya katikati. Akiita "Posta, Buxton, Bamburi, Mtwapa", anapita ofisi ya posta ya Digo Road, anavuka daraja la Nyali na kufuata barabara kuu ya Malindi. Akiita "Ferry", anateremka Nyerere Avenue hadi kivukoni. Ukitaka kushika majina machache tu ya kukusaidia siku nzima, shika haya: Posta, Marikiti, Mwembe Tayari, Buxton, Lights, Ferry. Karibu kila safari itapita au itaanzia mojawapo.

Nauli uliza kabla ya kupanda, na muulize abiria anayesubiri kando yako, mama wa sokoni au mwanafunzi, si makanga. "Samahani mama, mpaka Pirates huwa ni ngapi?" (Pirates ni steji ya ufuo wa umma wa Bamburi.) Atakwambia ya leo, maana nauli hubadilika: jioni hupanda, mvua ikinyesha hupanda, Desemba hupanda. Kwa wakati wa kawaida, ndani ya kisiwa ni shilingi 30 hadi 50, Bamburi 70 hadi 100, na Mtwapa hupita kidogo hapo. Ukishajua, mwambie makanga unakoshuka na mtajie nauli mwenyewe: "Kaka, Pirates kwa themanini?" Akikubali umepanda. Akikataa, nyuma yake kuna gari jingine.

Pesa hulipwa gari likiwa mwendoni, makanga anaponyoosha mkono. Beba noti za 50 na 100 na sarafu. Noti ya 1,000 ndani ya matatu ni mwanzo wa mgogoro: makanga hana chenji, anakwambia "ngoja", halafu kituo chako kinafika. Ikikubidi, mwambie tangu mwanzo umempa elfu, abiria wa karibu wasikie, na umkumbushe vituo viwili kabla ya kushuka. Wengi hupokea M-Pesa kwa nambari ya dereva au ya makanga. Mwonyeshe ujumbe kabla hujashuka.

Kushuka, paza sauti kituo kimoja kabla: "Shukisha Pirates!" au "Hapo steji, dere." Usingoje uone mahali penyewe, gari litakuwa limeshapita na utarudi kwa miguu juani. Kama hupajui, mwombe abiria wa jirani akutahadharishe. Watu hufanya hivyo kwa moyo mkunjufu, na mara nyingi gari zima litapaza sauti kwa niaba yako.

Mambo matatu huharibika mara kwa mara. La kwanza, gari lililoita Mtwapa linakatiza Bamburi kwa sababu abiria wamebaki wachache. Makanga atakuuza kwa gari jingine, na hilo ni jambo la kawaida, lakini usiondoke upande wake mpaka umemwona amempa makanga wa pili pesa zako. Asipofanya hivyo utalipa mara mbili. Ndiyo maana swali la kuuliza mwanzo ni "Unafika mwisho?" La pili, gari la steji halitoki mpaka lijae, na wale wanaoonekana wamekaa ndani huenda ni vijana wa steji waliowekwa ili gari lionekane limekaribia kujaa. Ukiona watu wanne wasio na mfuko wala haraka, panda lililo mbele barabarani linaloendelea kuokota. La tatu ni mlangoni penyewe: msongamano wa jioni Posta na Buxton ndipo simu hupotea. Iingize mfuko wa mbele kabla gari halijasimama, na usiitoe mpaka umekaa.

Upande wa kaskazini

Kosa la wageni wengi huku ni kudhani magari yote yanayovuka daraja la Nyali yanafika ufuoni. Ya Kisauni na Mshomoroni yanaingia ndani kwenye mitaa ya makazi, mbali na bahari. Unayotaka ni ya Bamburi, Shanzu au Mtwapa yanayofuata barabara ya Malindi. Nayo hayaingii Nyali yenyewe. Kwa fukwe za Nyali shuka Lights, pale kwenye makutano, umalizie kwa tuktuk.

Kwa Haller Park, msitu uliooteshwa juu ya machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mwambie makanga "Haller Park" na atakushusha barabarani karibu na lango. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta steji yake ni Pirates, jina hilo ndilo linalojulikana, ukitaja lile rasmi utaulizwa "wapi huko?"

Magofu ya Jumba la Mtwana yako ng'ambo ya daraja la Mtwapa. Panda gari la Mtwapa, au la Kilifi likuvushe daraja na kukushusha njia panda, kisha chukua boda kilomita chache hadi ufuoni. Mwambie mwenye boda akungoje au mpangane saa ya kurudi, kwa kuwa pale chini hakuna steji.

Kuna pia njia ya miguu ambayo wengi hawaifikirii: ufuoni kwenyewe, kutoka Nyali kuelekea Bamburi na Shanzu. Inapitika maji yakiwa yamekupwa tu. Siku za bamvua, zile za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa alasiri karibu saa kumi, na yakijaa hupiga kuta za hoteli, njia ikakatika. Ukianza saa tatu na nusu asubuhi siku hizo, una mchanga mpana na mgumu wa kutembea. Ukianza saa nane mchana, utajikuta umebanwa kati ya ukuta na wimbi. Siku za maji mafu, zile za mwezi nusu, tofauti ni ndogo, nafasi ni finyu lakini hatari pia ni ndogo. Uliza mvuvi yeyote atakupa saa. Tembea na mwenzako, na usibebe kitu ambacho kikipotea kitakuharibia safari.

Kivuko cha Likoni

Kivuko hufanya kazi usiku na mchana, na mtembea kwa miguu halipi chochote. Mtu akikuuzia tiketi ya kuvuka kwa miguu, ni tapeli. Ukishuka kwenye matatu ya Ferry, fuata watu: utapita ukaguzi wa mizigo, utaingia eneo la kusubiria, na lango litafunguliwa meli ikiwa tayari. Kukaa majini ni dakika chache, lakini hesabu nusu saa kwa jumla wakati wa utulivu, na saa nzima jioni. Kupiga picha kivukoni ni marufuku na askari wanaitilia maanani. Simu ibaki mfukoni.

Lango likifunguliwa, umati unateremka kwa kishindo. Usikimbie nao. Bamba la meli linapolala kwenye gati huwa limelowa maji ya chumvi, na maji yakiwa yamekupwa sana mteremko unakuwa mkali. Aliyevaa ndala zilizolika huteleza hapo hapo mbele ya watu mia. Shika pembeni. Sikiliza pia nyuma yako, maana mikokoteni ya matunda na viazi inavuka pamoja na watu, na hamali aliyebeba mzigo mteremkoni hawezi kusimama ghafla. Akipiga kelele, sogea kwanza, utazame baadaye. Ndani, jipange karibu na ukingo wa upande, au panda ngazi kwenda juu kama ipo nafasi. Katikati ndiko magari yanakopangwa, na joto la injini hapo halivumiliki. Kushuka, waache wenye haraka watangulie. Matatu za ng'ambo ni nyingi kuliko meli.

Upande wa Likoni, panda kilima pamoja na watu hadi steji ya Ukunda. Nauli huwa shilingi 100 hadi 150. Gari la Msambweni au Lunga Lunga pia litakushusha Ukunda, na mara nyingi linakwenda kwa kasi kwa sababu halisimami sana njiani. Ukunda uko barabara kuu, bahari iko kilomita kadhaa chini. Kutoka njia panda ya Diani kuna tuktuk za kujaza abiria na matatu ndogo za kwenda barabara ya ufuoni. Mwambie dereva kama unakwenda kulia au kushoto ukifika chini, maana Diani ni ndefu na hoteli zimetawanyika pande zote mbili.

Tiwi ni habari nyingine. Njia panda ya Tiwi hadi baharini ni kilomita tatu hivi za barabara iliyojitenga, na watu wameporwa huko. Usitembee, hata kama jua ni la asubuhi na begi ni dogo. Boda ziko pale pale njia panda.

Tuktuk na boda

Tuktuk ina viti vya watu watatu nyuma. Kaa nyuma, kujibana kando ya dereva ni hatari na askari wakiwakamata safari imekwama. Swali la kwanza ni kama ni ya kukodi au ya kujaza. Ya kujaza ina njia yake na kila mtu analipa kiti chake. Ya kukodi ni mapatano, na bei husemwa kabla hujaweka mguu ndani, kwa safari nzima, si kwa kichwa. "Mpaka Fort Jesus, sisi sote watatu, ngapi?" Hilo neno "sote" ndilo linalozuia ugomvi mwishoni. Kwa safari fupi ndani ya kisiwa shilingi 100 hadi 200 ni bei ya kawaida. Ukitajiwa mara tatu ya hapo, jibu kwa upole na utembee hatua kumi. Mara nyingi utaitwa.

Bolt na Uber ziko Mombasa, na tuktuk zimo. Hata usipoagiza, bei wanayoonyesha ni kipimo kizuri cha kupatania na tuktuk ya barabarani. Boda ichukue kwa sehemu ambazo gari halifiki, na uombe kofia. Asiye nayo mwache.

Mji wa Kale na katikati ya mji

Hapa miguu inashinda kila chombo. Vichochoro ni vyembamba, na tuktuk ikiingia huzunguka mbali kuliko ambavyo ungetembea. Mpangilio unaofaa ni kuanzia Posta asubuhi: teremka Digo Road hadi sokoni Marikiti, pita Biashara Street kwenye maduka ya leso, ingia Langoni, kisha shika Ndia Kuu ikupeleke hadi Fort Jesus. Njiani, upande wa bandari ya kale, uko msikiti wa Mandhry ulioanzishwa mwaka 1570. Bila kusimama ni nusu saa. Ukisimama kama inavyostahili ni asubuhi nzima. Ngome yenyewe, iliyoanza kujengwa 1593 na kuingia orodha ya urithi wa dunia 2011, hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali, basi beba kitambulisho au pasipoti. Vaa nguo ya heshima, hii ni mitaa ya watu wanaoishi na kusali, na ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe.

Kutoka ngomeni hadi kwenye Pembe za Ndovu za Moi Avenue ni kilomita mbili hivi kwa Nkrumah Road. Tembea asubuhi au baada ya alasiri. Saa saba mchana hakuna kivuli cha kutosha. Jioni nenda Mama Ngina, ufuo wenye mibuyu karibu na kivuko. Panda gari la Ferry na utembee dakika kumi hivi kutoka steji. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu iko hapo, na meli za bandarini hupita karibu kiasi cha kusoma majina yake.

Siku zinazobadilisha hesabu

Wakati wa Ramadhani, saa moja kabla ya magharibi matatu hujaa kupita kiasi, kila mtu akikimbilia futari, na adhana ikisikika barabara hutulia ghafla. Safiri alasiri mapema au baada ya kufuturu. Ijumaa mchana, pisha sala ndipo uingie Mji wa Kale. Kwenye masika, Aprili na Mei hasa, mvua kubwa ya asubuhi hutuamisha maji barabarani, matatu hupungua na nauli hupanda papo hapo. Ikianza kunyesha ukiwa kwenye mkahawa, agiza chai nyingine.

Usiku, baada ya saa tatu, matatu za njia kuu bado zipo lakini zinachagua abiria na kukatiza ovyo. Kivuko kinaendelea kwa meli chache, na kusubiri ni kurefu. Aliyelala Diani na anataka kula mjini avuke kurudi kabla ya saa tatu, kwa sababu upande wa Likoni magari ya Ukunda huanza kuadimika saa hizo, na teksi ya kutoka hapo hadi Diani usiku itagharimu zaidi ya safari zote za siku nzima.